Mkeka wa Shangazi na Taa ya Sebuleni



Mwalimu aliponiomba niandike juu ya kuuza kazi za mikono mtandaoni, nadhani alitaka nieleze bei na mambo ya posta. Hayo wapo wanaoyajua zaidi yangu. Mimi nitakuelezeni jambo moja tu, nalo ni rangi. Rangi ndiyo iliyonifanya nimlaumu shangazi yangu kwa kosa ambalo lilikuwa langu, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Shangazi yuko Pemba na kazi yake ni mikeka. Wewe uliyezaliwa huku pengine umekalia mkeka mara nyingi bila kujua unavyotengenezwa. Majani machanga ya mkindu hukatwa, huchanwa na kuanikwa juani mpaka yakawa meupe. Huo ndio ukindu. Mwingine huachwa hivyo hivyo, na mwingine hutiwa rangi: sufuria hutelekwa motoni, rangi ya unga huyeyushwa majini, ukindu hutumbukizwa na kuchemshwa, kisha huanikwa tena. Baadaye husukwa utepe mrefu uitwao ukili, na ukili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka ukapata mkeka. Mkeka mkubwa mmoja humchukua Shangazi wiki kadhaa, maana husuka akishamaliza kupika, kufua na kushughulika na wajukuu.

Rangi anayosifiwa nayo kwao ni damu ya mzee. Watoto wangu waliposikia jina hilo mara ya kwanza walishtuka, wakadhani kuna mzee aliyeumizwa. Ni jina la rangi tu: nyekundu iliyokolea sana, inayoelekea kwenye weusi. Shangazi huanza kwa nyekundu, akaongeza nyeusi kidogo kwa ncha ya kijiko, akauacha ukindu utokote huku akiuchungulia. Hapimi kwa saa. Anapima kwa jicho.

Basi mwaka juzi, mwezi wa Novemba, nilipokea mikeka miwili yake nikaamua kuiuza. Nilikuwa nikirudi kazini jioni, na nyinyi mnajua Novemba ya Uingereza ilivyo, unatoka asubuhi giza na unarudi giza. Nikatandika mkeka sebuleni, nikawasha taa ya dari na ile taa ndogo ya pembeni ili paonekane vizuri, nikapiga picha kwa simu. Picha ilinipendeza kweli. Mkeka ulikuwa umeng'aa, una joto, unavutia. Nikauweka mtandaoni.

Siku ya tatu akajitokeza mteja, dada mmoja wa kwetu anayeishi huku huku, aliyekuwa akimwoza binti yake. Alitaka mkeka wa kutandika mbele ya bibi harusi, na akasema rangi ile ya matofali itaendana na mapambo yake. Nilisoma neno matofali na halikunishtua. Nikafunga mzigo nikampelekea. Ulipofika alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia. "Dada, mkeka ni mzuri, lakini si huu niliouona." Alikuwa amepokea mkeka wa damu ya mzee, mweusi mweusi kwa mbali, na harusi imebaki siku tano. Nilimrudishia fedha zake zote na gharama za posta. Alipata kitu kingine kwa haraka, na sikumlaumu.

Nilichokifanya baada ya hapo ndicho kinachoniuma. Nilimpigia Shangazi. Shikamoo, marahaba, habari za huko, na mara nikamwambia, "Shangazi, rangi ya safari hii imekolea mno, wateja hawaitaki. Nakutumia picha, tafadhali ufanye kama ya pichani." Nikamtumia picha ileile niliyoipiga chini ya taa.

Shangazi hakubisha. Akachemsha ukindu upya, akatafuta rangi mpaka akaipata ya matofali, akasuka mikeka mitatu. Ilinifikia mwezi wa Februari. Nikatandika wa kwanza palepale sebuleni, chini ya taa zilezile, nikapiga picha. Simu ikanionyesha mkeka wa rangi ya chungwa.

Nilikuwa bado naikodolea macho simu pale binti yangu wa miaka kumi alipopita. Akauangalia mkeka, akaangalia simu, akasema, "Mama, mbona mkeka wa kwenye simu si huu?" Akaichukua simu akaiweka juu ya mkeka, kitu na picha yake ubavu kwa ubavu. Miezi yote ile sikuwahi kufanya hivyo. Nilikuwa nikiangalia picha peke yake, na picha peke yake ilikuwa nzuri.

Nilimpigia Shangazi kumwomba radhi. Alicheka kwanza, kisha akaniambia kwamba tangu nilipomtumia ile picha alikuwa akiwaita wajukuu kila anapotia rangi wamwangalizie, kwa kuwa alidhani macho yake yamezeeka na hayajui tena damu ya mzee. Mwanamke aliyetia rangi ukindu zaidi ya miaka arobaini aliacha kuyaamini macho yake kwa sababu ya balbu ya sebuleni kwangu.

Kwa hiyo nilikaa nikajifunza, na niliyojifunza nakupa, kwa sababu najua wengi wetu tunauza kofia, vikapu, kawa, vitambaa vya kudarizi na shanga kutoka kwa watu wetu wa nyumbani, nao hawapo kutetea rangi zao.

Kwanza uelewe kwa nini jicho halikukuambia. Chukua karatasi nyeupe. Chini ya balbu ya manjano unaiona nyeupe. Itoe nje siku ya mawingu, bado unaiona nyeupe. Lakini mwanga unaotoka kwenye karatasi ile umebadilika sana. Ni ubongo wako unaoondoa rangi ya taa kimya kimya ukakuachia rangi ya kitu. Kazi hiyo huifanya tangu unapofungua macho asubuhi, wala hukuambii. Mara chache hushindwa, na hapo ndipo watu hugombana. Huenda wazazi mnakumbuka mwaka 2015 ilipoenea picha ya gauni lililopigwa picha hapa Uingereza, baadhi ya watu wakiapa ni nyeupe na dhahabu, wengine wakiapa ni bluu na nyeusi. Gauni lenyewe lilikuwa bluu na nyeusi. Picha haikuonyesha wazi ni mwanga gani uliolipiga gauni, basi kila ubongo ukakisia wake.

Simu nayo hukisia. Wapiga picha hupima rangi ya mwanga kwa kipimo cha kelvini. Balbu ya manjano ya sebuleni ni kama 2,700. Jua la mchana ni kama 5,500. Mbingu ya mawingu ni kama 6,500, na kivulini chini ya mbingu ya samawati hupita 7,000. Ajabu ni kwamba namba ikipanda mwanga unakuwa wa bluu zaidi, ingawa sisi tunauita baridi. Simu hutazama picha nzima, ikakisia mwanga ni wa namba gani, ikaurekebisha ili kilicho cheupe kiwe cheupe. Kazi hiyo huitwa mizani ya weupe. Sasa fikiria umeijaza picha yote kwa mkeka mwekundu. Simu itajuaje kama wekundu ule ni wa ukindu au wa taa? Haijui. Inabahatisha, na kila ukisogea hatua moja inabahatisha upya. Ndiyo maana ukipiga picha nne za kikapu kimoja unaweza kupata vikapu vinne.

Dawa ya kwanza ni dirisha. Zima taa zote za chumbani, zote kabisa, hata ile ya jikoni inayopenya mlangoni. Hili ndilo kosa langu kubwa na naliona katika picha za wengi: mtu yuko karibu na dirisha, lakini taa ya dari anaiacha ikiwaka ili isaidie. Haisaidii. Upande mmoja wa kitu unapata mwanga wa bluu wa nje na upande mwingine wa manjano wa balbu, na ni vigumu kwa programu kukurekebishia vyote viwili kwa pamoja. Ukiutengeneza upande huu, ule unaharibika.

Na hapa nitasema jambo litakalowashangaza wanaolalamika juu ya hali ya hewa ya nchi hii. Mbingu yetu ya kijivu ni neema kwa mpiga picha wa mikeka. Mawingu huutawanya mwanga ukaja laini kutoka kila upande, bila vivuli vikali. Jua kali la moja kwa moja huunguza picha, sehemu iliyopigwa ikawa nyeupe na iliyo kivulini ikawa nyeusi. Ukindu pia una mng'ao wake kidogo. Mwanga ukiupiga na kurudi moja kwa moja kwenye kamera, rangi hufifia kama iliyopakwa unga. Uache mwanga uje kutoka ubavuni. Rangi itakolea, na msuko wa ukili utaonekana ukiinuka na kushuka.

Dawa ya pili ni kuiambia simu ukweli badala ya kuiacha ikisie. Nunua kadi ya kijivu, ile ya wapiga picha, si ghali. Iweke juu ya mkeka, piga picha ya kwanza nayo ikiwemo, kisha iondoe upige nyingine palepale bila kubadilisha kitu. Programu nyingi za kurekebisha picha zina alama ndogo kama bomba la dawa ya macho. Igusishe kwenye kadi, na programu itajua kwamba pale hapana wekundu wala ubuluu, itengeneze picha yote kwa kufuata hapo. Kisha urekebishe na zile nyingine kwa kiasi hicho hicho.

Wengine hutumia karatasi ya kuandikia badala ya kadi. Inakaribia, lakini jihadhari nayo. Karatasi nyingi nyeupe zimetiwa dawa ya kung'arisha, inayopokea mwanga wa jua tusiouona na kuutoa kwa rangi ya bluu ili karatasi ionekane nyeupe zaidi. Mama zetu walijua hila inayofanana na hiyo, walipotia buluu kwenye maji ya kusuuzia kanzu. Sabuni nyingi za kufulia za siku hizi zina dawa kama ile ya karatasi, na ndiyo sababu kanzu au kofia iliyofuliwa, ukiipiga picha dirishani, huonekana kama imechovywa buluu hata kama simu yako haina kosa.

Kofia nyeupe ina tabu yake nyingine. Simu hupenda kila picha iwe na mwangaza wa wastani. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na kofia ya vito inatoka ya kijivu kama theluji ya barabarani siku ya pili. Gusa kofia kwenye kioo, kisha pandisha kile kialama cha jua mpaka iwe nyeupe, lakini ukome pale nakshi zinapoanza kupotea. Kitu cheusi ni kinyume chake, unashusha.

Angalia pia kilicho karibu. Ukuta wa kijani humwaga ukijani, zulia jekundu humwaga wekundu. Niliwahi kupiga picha kofia sita nikiwa nimevaa dera la waridi, na kofia zote zikapata haya. Siku hizi mtoto akinisaidia namwambia avae fulana nyeupe au ya kijivu, au akae mbali.

Kama huna budi kutumia taa, kwa sababu Desemba hapa jua huzama kabla ya saa kumi jioni na wengi tuko kazini, basi tumia balbu za aina moja tu, na kwenye boksi tafuta herufi CRI. Hiyo ni alama ya jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, na ya juu kabisa ni 100. Nunua ya 90 au zaidi. Balbu nyingi za bei rahisi zina upungufu kwenye nyekundu, na nyekundu ndiyo damu ya mzee. Mwanga ambao hauna wekundu wa kutosha hauwezi kukuonyesha wekundu wa kitu, hata uwe na kamera ya maelfu ya pauni.

Jambo hili watu wetu wanalijua bila kuambiwa CRI. Nenda Darajani, Unguja, au Kariakoo, Dar es Salaam, ukachague kitambaa cha kushonea kinachopaswa kufanana na kingine. Mama aliyezoea hamwamini muuzaji wala taa ya dukani. Anavichukua vyote viwili, anatoka navyo hadi mlangoni, anavitazama kwenye mwanga wa nje. Vitambaa viwili vilivyotiwa rangi kwa unga tofauti vinaweza kufanana kabisa ndani na kuachana kabisa nje. Mikeka ni vivyo hivyo. Nikiletewa miwili ya rangi moja huitazama dirishani kwanza, kisha chini ya taa, na kama inaachana namwambia mteja kabla hajanunua.

Ukishapiga picha, rudia kile alichofanya binti yangu: weka simu ubavuni mwa kitu, kwenye mwanga wa dirisha, utazame huku na huku. Hakikisha kwanza kwamba umezima ile hali ya usiku inayoifanya simu iwe ya manjano jioni. Mimi nilitengeneza picha ishirini usiku mmoja nikiwa nimeisahau, asubuhi zote zilikuwa za bluu. Usitumie vichujio vya kunogesha picha. Na muombe mtu mwingine atazame kwa simu yake, maana simu hazifanani.

Kuna rangi moja bado inanishinda, nayo ni zambarau. Kwenye simu yangu hugeuka bluu hata nifanye nini, na nikiivuta irudi, rangi nyingine zinapinda. Kwa hiyo nimeacha kupigana nayo. Naandika chini ya picha: rangi hii ni zambarau, kwa macho ni nyekundu zaidi kuliko unavyoiona hapa.

Maneno hayo yamenisaidia kuliko nilivyotarajia. Kioo cha mteja siwezi kukirekebisha, lakini maneno yanafika yalivyo. Siku hizi siandiki "mkeka mwekundu". Naandika: damu ya mzee, nyekundu iliyokolea inayoelekea weusi, kama rozela iliyokaushwa. Watu wa kwetu wakisoma wanajua papo hapo, na wasio wa kwetu wanauliza, nami nawaeleza. Tangu nianze kuandika hivyo sijarudishiwa mkeka kwa sababu ya rangi.

Na mimi na Shangazi hatukubaliani tena kwa picha. Kila anapochemsha rangi mpya, husuka ukili mfupi wa kiasi cha shubiri, anaukata vipande viwili. Kimoja anabaki nacho, kingine ananitumia na mzigo unaofuata. Nikitaka mikeka zaidi namwambia, "Shangazi, kama kile kipande chenye uzi wa kijani," naye anakwenda kukitoa kwenye bati lake. Ile mikeka mitatu ya matofali niliinunua mwenyewe kwa bei kamili. Mmoja uko sebuleni kwangu, ndio tunaoulia chakula siku za Ijumaa.

Mwezi uliopita nilipata bahasha yake yenye vipande kumi na kimoja. Kila kimoja amekifunga kikaratasi na kuandika jina la rangi kwa mkono wake: manjano, samawati, hudhurungi, urujuani, majani ya mgomba, damu ya mzee. Viwili majina yake hata mimi sikuwahi kuyasikia, ikabidi nimpigie kumuuliza. Jumamosi ijayo nitavileta shuleni. Wanafunzi mtavitazama kwanza bila vikaratasi na kukisia majina, kisha tutavipiga picha pale kwenye dirisha kubwa la ukumbi, tuone simu ya nani inasema kweli. Kila mmoja aje na kitu kimoja cha mkono kutoka nyumbani kwao, hata kiwe kipepeo cha jikoni. Tuanze saa sita mchana, si baadaye, maana ikifika saa tisa mwanga umeshaanza kutukimbia.